Gunia la Spea za Zamani

Fundi jirani yangu pale Kitengela hakuwahi kurudisha gari bila gunia. Kila spea aliyong'oa, hata skrubu iliyoliwa na kutu, aliitia humo na kumkabidhi mwenye gari, mtu asije akasema ameibiwa. Mikono yake ilikuwa mizito, kucha nyeusi, lakini lile gari la spoti lililozolewa na mto pamoja na mwenyewe, mvua za El Nino za tisini na saba, alilitoa matope kwa kijiko cha chai, polepole, akikohoa. Mimi nilikuwa nachomelea mageti hapo kando, na nilimwona siku alipofika mlango wa dereva. Kishikio cha kuteremshia kioo kilikuwa kimepinda na kukatika, kama mtu alikizungusha kwa nguvu zake zote kikamkatikia. Fundi alikitazama kwa muda mrefu. Halafu akakitia mfukoni mwa ovaroli, si guniani.

Mjane wa mwenye gari, Mama Mutindi, alikuja kulichukua mwezi wa nne. Alipekua gunia kipande kwa kipande.

"Fundi, watu wa kanisa waliniambia alizirai tu, hakuhangaika. Wewe umefungua hii gari yote. Ni ukweli?"

"Ni ukweli, mama. Kila kitu ya ndani ilikuwa nzima. Ni maji tu iliharibu."

Mama akanyoosha mkono kumshukuru. Fundi akampa wa kushoto, akaomba radhi. Wa kulia ulikuwa mfukoni, umefumbata.