Siku Sabufa Yangu Ilipoingia na Zawadi za Posa

Naomba mcheke sasa hivi, kabla sijaanza, ili nikifika katikati mniache nipumue, kwa sababu hadi leo nikipanda kile kilima cha Kibuli masikio yangu yanapata moto yenyewe, na hakuna anayejua kwa nini isipokuwa watu wote waliokuwa chini ya hema siku ile (na walikuwa wengi, na kila mmoja wao ana shangazi wa kumsimulia).

Mambo yalianza kwa mapenzi. Kaka yangu Yasini alimpenda Zuhura, mwalimu wa chekechea, binti wa Maalim Idrisa wa Kibuli, na mimi niliipenda besi, ile sauti nzito ya muziki.

Niwaeleze kwanza upande wa Zuhura. Babu zao walikuja na biashara kutoka pwani, wakabaki, wakafungua maduka na madarasa ya Kurani, na nyumba yao ni nyumba ya watu wanaofunga mlango taratibu. Sisi tulizaliwa kambini. Marehemu baba alikuwa mwanajeshi, Mwacholi, Mkatoliki wa kuimba kwa sauti. Mama ni Mnubi, Mwislamu. Yasini alifuata dini ya mama, mimi nikafuata ya baba, na mwaka mzima tulikula sikukuu za pande zote mbili bila ugomvi. Lugha iliyotukutanisha na ukoo wa Zuhura ilikuwa Kiswahili: wao walikirithi kwa babu zao, sisi tulikiokota kwenye paredi.

Maalim hakutukataa, ila alimwambia Yasini uso kwa uso: "Nyumba za kambini nazijua. Redio alfajiri, redio usiku, kila mtu anamzidi mwenzake kwa sauti. Binti yangu amekulia kwenye utulivu. Siku mtakayokuja kujitambulisha sitaki ngoma, sitaki spika, na nitawatazama kwenye mambo madogo, maana makubwa kila mtu anajua kuyaficha."

Yasini alirudi nyumbani akatuhubiria maneno hayo kama amri ya kijeshi, na wote tukaitikia, na mimi nikaitikia kuliko wote.

Sasa, kigari changu. Ni cha mitumba kutoka Japani, na redio yake ni ile ile iliyotoka nacho kiwandani, inanisalimia kwa Kijapani kila nikiwasha ufunguo, na mimi nimezoea kuiitikia. Kasoro yake ilikuwa moja tu: haikuwa na kifua. Ukiiwekea wimbo wa gitaa zito, gitaa linalotakiwa kukugonga mbavuni na kukukumbusha kwamba una moyo, yenyewe inatoa sauti ya mbu aliyefungiwa kwenye kopo. Nilikuwa naendesha kuelekea Ggaba jioni, ziwa linang'aa kama sinia lililosuguliwa, upepo umejaa harufu ya samaki wa kukaangwa, dunia nzima imekamilika, halafu besi hakuna. Nani angevumilia?

Basi wiki ya posa (wiki ile ile, ndiyo, msiniulize) nikaenda kwa fundi nikafungiwa sabufa kwenye buti. Si kubwa sana, kisanduku cheusi chenye spika moja ya kutazama juu na amplifaya yake tumboni humo humo. Redio ya kiwandani haina tundu la kuchomeka sabufa, kwa hiyo fundi akaiba sauti kwenye nyaya za spika za nyuma, akavuta waya mwekundu kutoka kwenye betri ukiwa na fyuzi yake, akaupitisha chini ya zulia, waya mweusi akaufunga kwenye chuma cha bodi baada ya kukwangua rangi, kisha nyaya zote zikaishia kwenye plagi moja. "Ukitaka nafasi ya mizigo," akaniambia, "chomoa plagi, fungua mkanda, toa boksi. Kazi ya dakika."

Dakika! Kumbukeni neno hilo, kwa sababu hiyo dakika moja ndiyo niliyoshindwa kuitoa.

Niliwasha. Jamani. Besi ilipanda kutoka kwenye kiti ikanikumbatia mgongoni kama mtu niliyeachana naye zamani. Vioo vikatetemeka. Kuku wa jirani wakahama. Nilizunguka mitaa ya Kyambogo wanafunzi wakigeuza shingo, nikajiona nimekuwa mtu.

Yasini aliniona siku moja kabla ya safari ya ukweni. Akafungua buti, akakitazama kile kisanduku, akakigonga kwa kidole kimoja.

"Toa."

"Nitaizima tu, kaka. Haitalia."

"Sijasema zima. Nimesema toa. Gari lako ndilo linabeba zawadi. Maalim akiona hiki kitu, mimi sina mke."

"Sawa. Natoa."

Na nilikusudia kutoa. Lakini mama na majirani walikuwa sebuleni wanafunga zawadi, kicheko kimejaa, chai ya tangawizi inazunguka, na mimi nikaanza kuona uvivu wa kuchomoa, kufungua, kunyanyua, kisha kurudisha tena kesho yake. Mama alikuwa amenunua satini ya kijani na utepe wa dhahabu, kila zawadi ikavishwa sare moja: kanzu ya Maalim, magauni ya gomesi ya mashangazi, sukari, mchele, birika, mazulia ya kuswalia. Kilibaki kipande cha satini. Nikakitazama. Nikaitazama sabufa kwa mawazo. Nikajiambia, nikiifunika hivi itafanana na kila kitu, nani ataiona? Nikaenda nikaivisha, nikaifunga utepe, na kwa sababu napenda kazi nzuri nikaiwekea na fundo la ua juu yake. Ilipendeza kuliko zote.

(Sasa mmeshaelewa. Mimi mwenzenu nilikuwa bado sijaelewa.)

Kesho yake tukapanda Kibuli, wanaume tumevaa kanzu na makoti, wanawake wanang'aa. Pale langoni tukapokewa na wasichana wenye tabasamu na ukali kwa kipimo sawa, wakatubandika maua kifuani, wakatukalisha upande wetu wa hema. Msemaji wetu alikuwa Afande Odong, rafiki wa marehemu baba tangu jeshini, mzee mrefu aliyestaafu kila kitu isipokuwa kusimama wima. Alizungumza vizuri. Akaulizwa tumefuata nini, akajibu kwa heshima, Maalim akaitikia kwa kichwa, Zuhura akatokea na shela lake, Yasini akasahau kupumua. Mambo yakawa asali.

Kisha ssenga, yaani shangazi yake Zuhura, mwanamke mnene mwenye sauti ya kengele, akatangaza kwamba sasa zawadi ziingie. Kina mama wetu wakaenda kwenye magari. Nikawatazama wakirudi kwa mstari, vikapu kichwani, wakitembea kwa madaha, vigelegele vinapaa, nami moyo umejaa fahari ya ukoo, mpaka nikaona mama wawili wa mwisho wamebeba kitu kati yao, kizito, cha mraba, chenye fundo la ua juu.

Damu yangu ilirudi nyumbani bila mimi.

Walikuwa wamefungua mkanda. Plagi ilichomoka yenyewe, kama fundi alivyoahidi, kazi ya dakika. Nikainuka nikakimbilia uchochoro wa pembeni ya hema, msichana wa langoni akanizuia kwa kiganja kimoja.

"Muko, shemeji yetu, unaenda wapi?"

"Kuna kitu kimeingia kwa makosa."

"Zawadi?"

"Si zawadi. Kinafanana na zawadi."

Akanitazama kwa huruma. "Ssebo, bwana wangu, hapa kikiingia kimeingia. Unataka kuposa au unataka kuhesabu mlivyoleta? Rudi kwenye kiti."

Nikarudi. Na hapo ndipo nilipojua jambo ambalo kila Mganda analijua na mimi nililisahau: ssenga hakusanyi zawadi akaziweka ndani. Anazifunua. Moja moja, mbele ya watu, anauliza ni ya nani, msemaji anajibu, watu wanashangilia. Akaanza mbali, upande wa sukari. Kile kisanduku kilikuwa mwisho wa mstari, kimetulia, kinang'aa, kinanisubiri.

Afande Odong akainama sikioni kwangu. "Kijana, ile kubwa ya mwisho ni nini? Mimi sikuambiwa."

"Sabufa."

"Sabufa ni nani?"

"Ni spika, Afande. Ya gari langu. Ya muziki."

Hakugeuka. "Na mwenye nyumba alisema nini kuhusu spika?"

"Alisema hataki."

"Kale, sawa," akasema polepole, na mkono wake ukashika goti kama unatafuta bunduki. Kule mbele kanzu ya Maalim ilikuwa imefunuliwa, vigelegele, birika, vigelegele, ssenga akasogea tena. Yasini alikuwa ameshaiona. Alinigeuzia uso ambao sikuwahi kumwona nao, si hasira, banange, jamani, bora ingekuwa hasira. Ulikuwa uso wa mtu anayetazama nyumba yake inaungua kutoka ng'ambo ya mto.

"Na hii nzito?" ssenga akaimba. "Mashallah, hii nzito ni ya nani?"

Afande Odong akasimama wima. Akabana mikono. Akasema kwa sauti ya kambini, kila mtu akasikia hadi barabarani: "Hiyo ni kiti! Kiti ya nyanya!"

Hema likalipuka kwa shangwe. Bibi yake Zuhura, mama mzazi wa Maalim, kizee kidogo chenye miwani, alikuwa amekaa kwenye mkeka miguu imemuuma tangu asubuhi, akanyanyuliwa na wajukuu, akakalishwa juu ya sabufa yangu, satini na utepe na ua vyote chini yake. Akajitikisa kidogo. "Kigumu," akasema, "lakini kimetulia." Nikafumba macho nikamshukuru Mungu wa baba na Mungu wa mama, ambaye najua ni mmoja.

Nilishukuru mapema. Ssenga akasema kiti nacho lazima kifunuliwe, na kwa kuwa bibi hakuwa na haja ya kuinuka, akainama, akashika ncha ya satini, akaivuta kwa ustadi wa mtu anayetoa shuka chini ya mtoto aliyelala. Ikatoka yote. Pakabaki bibi, na chini ya bibi kisanduku cheusi, wavu wa spika, vitufe viwili vya kuongeza na kupunguza besi, na tundu la plagi likitukodolea macho.

Kaka mkubwa wa Zuhura, dereva wa malori, akasema kabla hajajizuia: "Lakini hii ni sabufa!"

Maalim Idrisa aliweka kikombe chake chini. Hakupandisha sauti.

"Yasini. Nilisema nini kuhusu spika?"

Yasini akafungua mdomo, na mimi nikajikuta nimesimama, kanzu imenikamata miguuni, nikasema yote kwa pumzi moja: kwamba ni yangu, kwamba kaka aliniambia niitoe, kwamba nilimwambia natoa, kwamba nikaona uvivu nikaifunika kwa kitambaa cha mama, kwamba kina mama hawakujua, kwamba Yasini hana kosa hata la ukucha, na kwamba nilikuwa tayari kuondoka na kuifuata barabara hadi Sudani.

"Ulimwambia aitoe?" Maalim akamuuliza Yasini.

"Nilimwambia, Baba. Jana."

"Na kiti? Nani alisema ni kiti?"

Afande Odong akapiga kisigino. "Mimi, Afande!"

Alimwita Maalim "Afande". Mzee wa watu, miaka yote ile ya amri, hofu ilipomkaba ulimi ukarudi kazini. Mabega ya Maalim yakaanza kutikisika. Nilidhani anatetemeka kwa ghadhabu, mpaka nikaona anafuta macho kwa ncha ya ile kanzu mpya tuliyomletea.

"Ninyi watu," akasema alipoweza kusema, "mimi niliambiwa watoto wa kambini hawaogopi mtu. Nikasema, atakayechukua binti yangu awe anaogopa kumuudhi mkwewe, hata kidogo. Sasa naona mzee mzima, mwanajeshi, anageuza spika kuwa kiti kwa kuniogopa mimi! Hofu gani tena ninaitafuta?"

"Inarudi kwao, basi," ssenga akasema, akinyoosha mkono amnyanyue bibi.

"Nani ainuke?" Bibi akaushika ukingo wa sabufa kwa mikono miwili. "Mtu ameleta kiti, nimekaa, goti limenyamaza, halafu niambiwe niinuke? Mimi siinuki. Idrisa, soma Fatiha, watu wana njaa."

Maalim akasoma Fatiha. Tukaitikia amina, na Yasini aliitikia kwa sauti iliyokatika katikati, na Zuhura chini ya shela lake alikuwa anacheka mpaka bangili zinalia. Nilikaa kitako nikahisi mwili wangu unarudi kipande kipande, magoti kwanza, kisha tumbo, kisha pilau ikaletwa, na sijawahi kula pilau tamu kama ile.

Wakati wa kuondoka Maalim alinisindikiza hadi kwenye gari. Buti lilikuwa wazi, tupu, na ile plagi imelala juu ya zulia na mkia wake wa nyaya. Nilitaka kufunga haraka. Akauzuia mlango kwa mkono.

"Na hizi nyaya?"

"Nitazitoa, Maalim. Naapa. Leo leo."

Na nyinyi pia nawaapia: mtu akiniambia nitoe kitu, nitakitoa, hata kama chai inazunguka, hata kama ni kazi ya dakika, hata kama satini imebaki. Lakini yeye hakutaka kiapo. Alinitazama kwa yale macho yaliyokuwa bado na maji ya kicheko, akanipigapiga begani.

"Zitoe," akasema. "Ila tafadhali, mwanangu, usizifunike."