Mteremko wa Sura ya Saba

Kabla hajawa mwandishi, Fundi Kalamu alikuwa fundi kweli, wa mashine namba tisa katika kiwanda cha nyuzi, ghorofa ya kwanza, upande wa madirisha. Jina la Kalamu lilikuja baadaye. Siku zile wenzake walimwita Fundi Mdomo, kwa sababu hata mashine zote zikinguruma kwa pamoja, yeye alikuwa anasimulia. Siku alipotumwa ghalani, robota la pamba likachomoka juu ya rundo na kumwangukia mgongoni, alikuwa katikati ya kisa cha mama mkwe na mbuzi. Wapo wanaoapa kwamba alikimaliza kwanza ndipo akazimia. Mwenyewe anakanusha, anasema alifika karibu na mwisho.

Miguu haikurudi. Alilala hospitali miezi saba, akatoka na kiti cha magurudumu, karatasi ya shukrani yenye mhuri wa kiwanda, na mchumba. Mchumba huyo alikuwa karani wa kupiga taipu pale hospitali. Alimfuata kitandani na fomu ya ajali yenye nafasi ya mistari mitatu, akaondoka na kurasa kumi na moja.

"Mimi nilitaka tarehe na saa tu," alimwambia kesho yake.

"Vyote vimo. Angalia ukurasa wa tisa."

Aliangalia, akakuta vimo kweli, na alipomaliza ukurasa wa tisa akajikuta anataka kujua yule mbuzi alifikia wapi. Wakaoana mwaka ule ule.

Nyumbani kwao meza ilikuwa moja, ya chakula na ya fasihi. Asubuhi vyombo vikishaondolewa, taipureta inawekwa, mume anasema, mke anapiga. Kwa mtindo huo walizaa riwaya nne. Katika zote nne shujaa ni mfanyakazi mwenye kifua kipana, haugui, hachelewi, na lengo la uzalishaji analivuka kabla ya chai ya saa nne. Wenye shirika la uchapaji walizipenda mno. Mkaguzi wa Vitabu, aliyekuwa akikaa wizarani, alimwandikia kwamba huo ndio uhalisia wa kijamaa wenyewe: mwandishi asiishie kwenye mambo yalivyo, bali aonyeshe yanavyokwenda kuwa. Fundi Kalamu aliitundika barua hiyo ukutani, usawa wa macho ya mtu aliyekaa.

Mke hakuwa mpinzani wa siasa hiyo, ila alikuwa na maswali yake. Akiwa na neno, hasemi. Ananyanyua vidole vyote kumi juu ya taipureta na kuviacha hewani. Hapo mume anajua mambo yameharibika.

"Hawa watu wako," aliwahi kumuuliza, "kurasa mia mbili hakuna hata mmoja aliyekwenda chooni?"

"Wako zamu."

Riwaya ya tano ilikuwa na jambo ambalo zile nne hazikuwa nalo: mwenyewe alikuwa na shida yake ndani. Kwa miaka kumi na minne hakuwa amekanyaga ukumbi wa mashine. Wenzake walimfikisha mara kwa mara getini, wakamvusha uwanja, na hapo chini ya ngazi safari ikaishia. Vidato vilikuwa kumi na sita, alivihesabu mpaka akavichukia. Alikaa pale akisikiliza mngurumo wa juu na kujaribu kuitambua sauti ya namba tisa. Walijitolea kumbeba mgongoni, akakataa katakata.

"Kinachobebwa ni robota," aliwaambia. "Na mimi na robota tuna ugomvi."

Alichotaka ni njia ya mteremko, apande kwa mikono yake mwenyewe. Alimwandikia meneja barua tatu, na mara zote tatu alijibiwa kwamba suala lake linashughulikiwa. Ndipo akaamua kulishughulikia mwenyewe, sura ya saba. Humo msokotaji asiye na miguu anaeleza shida yake mkutanoni, wafanyakazi wanajitolea siku ya mapumziko, mteremko wa saruji unajengwa, na shujaa anaupanda peke yake, hatua kumi na mbili, kwa pumzi moja, mpaka kwenye mashine yake.

Vidole vya mke vilinyanyuka.

"Kumi na mbili? Ngazi ya vidato kumi na sita inataka mteremko wa hatua arobaini."

"Arobaini zitamchosha msomaji. Piga."

Akapiga. Kitabu kikatoka, na baada ya wiki chache barua ikafika kiwandani. Mkaguzi wa Vitabu ameguswa sana na sura ya saba. Kabla ya kupitisha kitabu kiende kwenye maktaba zote za wafanyakazi, atapenda kuuona mteremko huo kwa macho yake, Alhamisi ya wiki ijayo.

Meneja, ambaye hakuwahi kufungua riwaya tangu aache shule, aliisoma hiyo siku ile ile, akiwa wima. Jioni alibisha hodi mwenyewe kwa Fundi Kalamu.

"Fundi, umeandika kitu ambacho hakipo."

"Hapana, meneja. Nimeandika kitu ambacho kinashughulikiwa."

Kesho yake saruji ikaanza kukorogwa. Mwashi wa kiwanda alikuwa shemeji yake Fundi Kalamu, kaka wa mkewe, mtu wa maneno machache na timazi. Alikuja nyumbani na vumbi lake, akakataa hata kukaa.

"Shemeji, nimepima. Kile si kinjia, ni ukuta uliolala kidogo. Nipe hatua arobaini nikujengee kitu cha maana. Meneja hataki, anasema mgeni anakuja na kitabu mkononi."

Hapo angesema tu kwamba alikosea, na yangeisha. Lakini kiburi cha fundi kilimkaba. Kwa miaka yote hiyo hakuna mfanyakazi aliyewahi kumpata na kosa kitabuni, na asingeanza na shemeji.

"Jenga kama kilivyoandikwa," alisema.

Shemeji akamtazama dada yake. Dada yake akatazama taipureta.

Siku zilizobaki alifanya mazoezi ya kunyanyua pasi mbili za mkaa, moja kila mkono, asubuhi na jioni. Wasokotaji nao, walipoona saruji inakauka, walielewa nguvu ya fasihi kuliko walivyoielewa kwenye semina zote. Wakaanza kupita mmoja mmoja, kumjulia hali. Kitabu kikichapwa tena, sura ya nane haiwezi kutiwa feni? Mlango wa choo je, hata wa bati? Mke aliziandika haja zote kwenye daftari na kuwaambia zinashughulikiwa.

Alhamisi ikafika. Mkaguzi alikuwa mtu mfupi, mpole, na kitabu chake kilikuwa na vikaratasi vya alama kila mahali. Wafanyakazi walisimama pande mbili za mteremko. Fundi Kalamu alitema mate viganjani, akashika magurudumu, akapanda. Hatua moja, mbili, tatu. Ya nne ikamshinda, kiti kikarudi nyuma taratibu mpaka kikagusa viatu vya mkaguzi.

"Pole," alisema mkaguzi.

Safari ya pili alifika tano. Ya tatu, nne tena. Mkaguzi alifungua penye kikaratasi.

"Hapa pameandikwa 'kwa pumzi moja'."

"Ndivyo palivyoandikwa," alisema Fundi Kalamu akihema.

Meneja alikuwa amejiinamia. Fundi Kalamu aliona haya mpaka masikio yakawaka moto, akatamani arudishwe nyumbani alale. Lakini juu kule alisikia mngurumo, na alijua kwamba akigeuza kiti leo hatakuja kuusikia kwa karibu tena maisha yake yote. Akageuka kumtafuta mkewe. Alikuwa kando ya mteremko, vidole vyote kumi amevinyanyua hewani, mbele ya taipureta isiyokuwepo.

"Sura ya saba ina makosa," alisema Fundi Kalamu kwa sauti ya kusikika. "Hatua ni arobaini, mke wangu alijua, na shemeji alipima. Na yule bwana hakupanda peke yake. Niliandika vile kwa sababu naona aibu."

"Aibu ya nini?" aliuliza mkaguzi.

"Ya kuomba kusukumwa. Sasa naomba."

Mkewe alifika wa kwanza. Shemeji akashika upande wa pili, wasokotaji wakajaa nyuma, na meneja akajipenyeza akapata kipande cha mpini. Kiti kikaanza kupanda. Mmoja alilalamika mgongo, mwingine alitaka kujua nani anamkanyaga, na kwenye hatua ya tisa kazi ilipokwama kabisa, mkaguzi aliweka kitabu kwapani akaja kusukuma mgongo wa meneja. Wakafika juu, wote hoi, ila aliyekalia kiti.

Namba tisa ilikuwa pale pale. Mbonyeo alioutia mwenyewe kwa spana kwenye mfuniko ulikuwepo bado. Mama aliyeiendesha alisogea pembeni bila kuulizwa. Uzi mmoja ukakatika, kama unavyokatika kila baada ya muda, na Fundi Kalamu akaudaka ncha na kuuunga. Ukakatika tena. Akauunga mara ya pili, ukashika, ukakimbilia kwenye roli yake. Alilia mbele ya kiwanda kizima na wala hakusingizia vumbi la pamba, ingawa lilikuwepo la kutosha.

Mkaguzi alimwacha alie, kisha akajifuta shingo kwa leso.

"Nitasubiri sura iliyosahihishwa," alisema. "Arobaini, na wasukumaji wote, hata yule wa mgongo. Ndivyo mambo yanavyokwenda kuwa. Halafu tia na feni, humu ndani kuna joto."

Wasokotaji walitazamana. Mke alikwisha kuchomoa daftari.

Honi ya kumaliza zamu ikalia. Meneja, ambaye alitaka mgeni aondoke kabla hajaona choo, aliinama sikioni mwa Fundi Kalamu.

"Fundi, kazi imekwisha. Twende chini sasa."

Fundi Kalamu alikuwa amedaka uzi mwingine.

"Kwenda chini, meneja," alisema, "bado sijakuandika."