Walionyesha Sinema Yangu Siku Moja Kabla Yangu

Wiki tano mfululizo, jumba la sinema la ng'ambo ya barabara lilionyesha sinema niliyopanga kuonyesha mimi.

Siku moja kabla yangu. Na sikuwa nimeitangaza popote.

Mara ya kwanza nilisema ni bahati mbaya. Mara ya pili nikasema ni shetani. Mara ya tatu nikamwacha shetani apumzike, nikaanza kuwatazama watu wa nyumbani.

Nawasimulia yote. Mkitaka kunitukana mwishoni, nitukaneni tu, nimeshatukanwa na wakali zaidi yenu.

Mimi ni mjane. Marehemu mume wangu aliniachia kazi ya kuendesha jumba la sinema la viti mia na arobaini, ishirini vikiwa vimevunjika mgongo. Jengo lenyewe ni la mama mkwe, anayeishi chumba cha nyuma. Mtaani wananiita Mama Tiketi, kwa sababu miaka kumi na moja nimekaa kwenye kile kidirisha nikikata tiketi na kufukuza wanaotaka kuingia bure.

Juu, kwenye chumba cha mtambo, alikuwepo Shemeji, mdogo wake marehemu.

Mtu wa maneno machache. Projekta yetu inamzidi umri, na ikianza kukohoa, yeye peke yake ndiye aliyejua ipigwe kofi wapi.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na ghala la magunia. Mwaka juzi likabomolewa, likaota jengo la ghorofa tatu, vioo kuanzia juu mpaka chini. Kumbi sita. Viti vya kulalia. Bisi kwa ndoo, kama wanalisha kuku.

Sisi tukaliita Vioo.

Sinema mpya zote zikaenda kwao. Sisi tukabaki na za zamani, mikanda yetu wenyewe iliyojaa stoo. Nikajua tumekwisha.

Lakini hatukuisha. Kila Ijumaa nilikuwa naonyesha moja bila kuitangaza. Jina lilipanda kwenye ubao wa mlangoni Ijumaa ileile asubuhi, na watu walikuja wakibishana njia nzima leo itakuwa ipi. Raha yao yote ilikuwa hapo.

Kwa hiyo jina la sinema lilikuwa siri, na siri hiyo ndiyo iliyotulisha.

Tulikuwa wawili tu tunaoijua. Mimi niliyeichagua, na Shemeji aliyepaswa kuikagua mikanda mapema na kuunga ilipokatika.

Meneja wa Vioo tulimwita Manukato. Akipita, harufu inabaki nyuma kukuangalia. Alimjia mama mkwe na karatasi mkononi, anataka kununua jengo letu alivunje, wateja wake wapate pa kuegesha magari.

Mama mkwe akaniita.

"Mke wa mwanangu, nisikilize. Ukumbi ukijaa, sisaini kitu. Lakini mwezi huu ukiisha na ninasikia viti vitupu tu, nitasaini. Siwezi kuzeeka karibu na ukumbi wa mizimu."

"Hautakuwa mtupu, mama."

"Mdomo haujazi viti."

Wiki hiyohiyo ndiyo mambo yakaanza.

Nilichagua *Pacha wa Daktari*. Alhamisi asubuhi natoka nje kufagia, naona bango la Vioo, refu kama aibu: leo usiku, *Pacha wa Daktari*, kiingilio nusu.

Ijumaa yangu wakaja watu ishirini na sita.

Wiki iliyofuata, vilevile. Iliyofuata, vilevile. Wao hawahitaji mikanda, wanabonyeza tu na sinema inashuka kwa waya. Wanachohitaji ni jina.

Na jina tulikuwa tunalijua wawili.

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema. Nikaanza kumtazama Shemeji jinsi unavyomtazama mtu aliyetoka chumbani kwako na mifuko imejaa.

Siku moja nikamwona kwa macho yangu anatoka mlango wa nyuma wa Vioo, mchana kweupe.

Nikamngoja kwenye ngazi.

"Ulikuwa wapi?"

"Hapo ng'ambo."

"Kufanya nini?"

"Niliwauliza habari ya taa. Taa yetu inakufa, Shemeji. Picha imekuwa ya njano, hujaona?"

"Taa."

"Ndiyo, taa."

"Kwa hiyo siku hizi adui ndiye duka letu la vipuri?"

Akanitazama tu, akapanda zake juu. Nikasema moyoni, mtu mwenye haki angejitetea. Mimi nikiwa na haki husikika mpaka sokoni.

Nikaamua kumtega.

Sasa hapa lazima niwaeleze kitu cha kazi yetu, la sivyo hamtanielewa.

Herufi za ubao wetu ni za bati, kubwa kama sinia. Huwezi kupanda ngazi na gunia la herufi ukaanza kutafuta moja moja huku upepo unakusukuma. Marehemu alinifundisha: Jumatatu asubuhi, panda juu ya lile paa dogo la zege lililotokeza juu ya mlango, zioshe, zilaze kwa mpangilio, jina zima. Ijumaa unapanda mikono mitupu, unainua tu na kutundika.

Ukiwa barabarani huoni kitu. Ukisimama mlangoni huoni kitu. Miaka kumi na moja nilifanya hivyo, na hakuna aliyejua isipokuwa Shemeji na njiwa.

Basi Jumatatu ile nikamwambia Shemeji, "Wiki hii tunaonyesha *Kanali na Kuku Wake*."

Uongo mtupu. Moyoni nilikuwa na sinema nyingine kabisa.

Na kwa kuwa dirisha la chumba cha mtambo linachungulia lile paa, nikataka uongo wangu uwe kamili. Nikapanda, nikaosha herufi, nikazilaza: *Kanali na Kuku Wake*. Nikashuka nikijipongeza. Nilijiona mjanja kuliko sungura.

Alhamisi, bango likapanda Vioo.

*Kanali na Kuku Wake*.

Jamani, damu ilinichemka mpaka masikio yakawasha. Mpango ambao haukuwepo popote isipokuwa kwenye ulimi wangu na kwenye sikio la mtu mmoja!

Ningeweza kumwita pembeni. Ningeweza kumwuliza mbele ya mama yake, kama familia.

Sikutaka. Nilitaka aumie, tena aumie mbele za watu.

Ijumaa walikuja watu kumi na wanane. Nikawaacha wakae. Nikasimama mbele ya pazia, nikapaza sauti kuelekea kile kitundu cha projekta.

"Shuka! Shuka wakuone!"

Akashuka, kitambaa cha kufutia lenzi kikiwa bado mkononi.

"Mtazameni vizuri," nikasema. "Huyu ndiye anayewauzia Vioo sinema zenu. Kaka yake amelala kaburini, yeye anaiuza nyumba yake neno kwa neno. Mwizi! Nyoka!"

Mzee mmoja wa mstari wa mbele akajaribu, "Mama Tiketi, taratibu..."

"Taratibu nyumbani kwako!"

Shemeji hakupandisha sauti.

"Umemaliza?"

"Sijamaliza."

"Basi mimi nimemaliza. Shemeji, wiki zote hizi hukuniuliza hata mara moja. Hata leo hujauliza, umehukumu tu."

Akaweka ufunguo wa chumba cha mtambo juu ya kiti cha kwanza. Akatoka kwa mlango wa wateja.

Mama mkwe alikuwa amesimama pale nyuma, amesikia yote. Tangu siku hiyo akawa anapika chakula chake peke yake.

Mimi? Nilijisikia vizuri. Siwadanganyi. Nililala usingizi mtamu kama mtoto aliyeshiba.

Wiki iliyofuata nikajifungia. Nikachagua *Posta ya Mwisho*. Sikumwambia mtu. Sikuandika popote. Mikanda niliitoa stoo mimi, nikaikagua mimi, nikajikata vidole mimi. Jumatatu nikapanda, nikaosha herufi, nikazilaza, nikashuka.

Alhamisi nikatoka na ufagio wangu, kifua mbele.

Bango la Vioo: leo usiku, *Posta ya Mwisho*.

Ufagio ukanianguka.

Nilisimama pale, magari yananipigia honi, naona aibu hata kabla sijajua ya nini. Maana kama nilijua peke yangu, basi aliyesema ni nani?

Sikubadilisha hata kanga. Nikavuka barabara, nikapita walinzi wawili, nikapanda ghorofa tatu kwa miguu, maana lifti yao inataka kadi. Nikausukuma mlango wa Manukato bila hodi.

Alikuwa anakunywa chai.

"Nani anakuambia?" Nilikuwa nahema kama nimekimbizwa.

"Karibu, Mama Tiketi."

"Sijaja kukaribishwa! Nani anakuambia sinema zangu?"

Akatabasamu, mbwa yule.

"Wewe."

"Usinifanyie mzaha."

Akainuka na kikombe chake, akaenda dirishani, akavuta pazia. Akanipisha nafasi, kama mtu anayemwonyesha mgeni mandhari.

Nikatazama chini.

Nikaona jengo langu. Nikaona paa dogo la zege. Na juu yake, safi, zinang'aa kwa jua, kubwa kama masinia: *Posta ya Mwisho*.

Mtu asiye na miwani angesoma.

"Kila Jumatatu saa nne," akasema Manukato. "Tunakunywa chai, tunakusoma. Vijana wa ofisini hata huwekeana dau. Ile ya kanali na kuku ilitusumbua kweli kuitafuta."

Zamani mbele yetu palikuwa na ghala, fupi, halina dirisha. Walipojenga ghorofa tatu za vioo, mimi niliona viti vyao na bisi zao. Sikuwahi kufikiri kwamba vioo vinatazama nje pia.

"Na Shemeji yangu? Alikuja huku."

"Yule fundi? Alikuja kuomba taa tuliyoitoa kwenye mtambo wetu. Nikamwambia nitampa akija kufanya kazi kwangu. Akaniambia nikae na taa yangu." Akanywa chai. "Ana kiburi. Lakini sasa nasikia hana kazi, si ndiyo?"

Nikampa mgongo. Ningemjibu, leo ningekuwa nawasimulia nikiwa ndani.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Shemeji. Alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha chumba alichopanga, anafungua feni ya mtu. Nikapiga magoti pale pale kwenye vumbi. Nikamweleza kila kitu, paa, herufi, dirisha, chai.

Alinisikiliza mpaka mwisho huku anafunga skrubu.

"Uliniita mwizi mbele ya watu wangapi?"

"Kumi na wanane."

"Basi usiniombe msamaha mbele ya feni."

Ijumaa nikazunguka mtaa mzima mwenyewe, mlango kwa mlango, nikiwaita. Nikawaambia kutakuwa na fedheha ya bure, waje. Watu wanapenda fedheha kuliko sinema. Ukumbi ulijaa, wengine wakakaa kwenye viti vilivyovunjika mgongo.

Nikasimama mbele ya pazia, mahali palepale.

"Wiki iliyopita niliwaambia huyu ni mwizi. Nilisema uongo. Siri niliitoa mimi, kwa mikono yangu, kila Jumatatu, kwa ujinga wangu. Yeye hakukosa chochote. Mimi ndiye niliyekosa, tena nilikosa nikifurahia."

Kicheko kilianza nyuma, kikaja mpaka mbele. Wakanizomea. Mmoja akarusha ganda la chungwa. Nilistahili.

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni. Akaangalia mpaka kelele zikaisha. Kisha akanijia, akanyoosha mkono, nikampa ufunguo. Akapanda juu, akawasha mtambo.

Nikalia kwa furaha, mjinga mimi. Nikadhani yamekwisha.

Sinema ilipoisha, mama mkwe akatuita wote wawili chumbani kwake. Karatasi ilikuwa mezani, na kalamu juu yake. Ilikuwa siku ya mwisho wa mwezi.

"Mama, ukumbi umejaa," nikawahi kusema. "Umesikia mwenyewe. Usisaini."

"Nimeshasaini."

"Umempa Manukato?"

"Manukato nilimrudishia karatasi yake jana. Hii ni nyingine."

Akaisukuma mbele ya Shemeji.

"Jumba ni lako, mwanangu. Kuanzia leo." Kisha akanigeukia. "Wewe nilikuona unavyomtazama mwanangu wiki zote hizo, nikakungoja uje. Nilikaa kitandani nikasema, atakuja kuniuliza, mimi niliyemzaa. Hukuja. Ukaenda kuwaambia watu wa tiketi."

"Mama, nimeomba radhi..."

"Umeomba kwake na kwa mtaa. Kwangu hujafika."

Nikamtazama Shemeji, nikitarajia atasema neno. Akakunja karatasi, akaiweka mfukoni.

"Jumatatu saa mbili uwe dirishani," akaniambia. "Ukichelewa, nitatafuta mtu mwingine."

Basi hivyo ndivyo ilivyo mpaka leo, ndugu zangu. Sinema za Ijumaa anachagua yeye, na mimi nalijua jina linapopanda ubaoni, kama mteja mwingine yeyote. Vioo wapo, wanakodoa macho, hawaoni kitu. Ukumbi unajaa siku nyingi.

Mama mkwe nilifika kwake, nikaomba. Akanijibu, "Nimesikia." Bado anapika peke yake.

Na Shemeji, kabla ya kuzima taa za ukumbi, huinama kwenye kidirisha changu.

"Wangapi?"

"Mia na nane."

Anaondoka. Hayo ndiyo mazungumzo yetu ya wiki nzima. Zamani alikuwa akiniuliza kama nimekula.

Adui wa ng'ambo hakunishinda kwa viti wala kwa bisi. Alinywa chai tu, kazi yote nikamfanyia mimi. Kwa hiyo wewe unayetafuta msaliti nyumbani kwako wiki hii, kabla hujamwita mtu nyoka, muulize kwanza. Muulize kwa sauti ya chini, mkiwa wawili, na umngoje ajibu.

Msamaha unaweza kuurudisha ufunguo mkononi mwa mtu. Shemeji wa zamani mimi bado namngoja dirishani.