Salama ya Kila Asubuhi kwa Mama Theophil

Daktari alimwambia Devotha atembee nusu saa kila siku, maana presha ilikuwa juu na cherehani ilikuwa imemkalisha kitako miaka kumi na minane. Basi, hakumwambia zaidi ya hapo. Lakini Devotha hajui kufanya jambo nusu. Jioni ile ile alichukua chaki ya kukatia nguo akaandika kwenye ukuta wa kibanda chake, juu ya rundo la sare za shule: MARATHONI YA MOSHI, KM 42. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu, na mara ya mwisho kukimbia ilikuwa darasa la saba.

Mumewe, Sylvanus, alicheka hadi akakohoa. "Mama Adrian, hizo arobaini na mbili utazimaliza kwa basi?"

Mama mzazi wa Devotha alipooza upande mmoja akiwa na miaka arobaini na mitano, na Devotha ndiye aliyemlisha kwa kijiko hadi mwisho. Alikuwa anaogopa, hilo ndilo lililomtoa nje. Nusu saa ya kutembea ilikuwa ndogo mno mbele ya hofu ile.

Tabu ni kwamba mtaani kwao Nangara mtu mzima hakimbii. Watoto wanakimbia wakichelewa shule, sawa. Mtu mzima akionekana anakimbia asubuhi, ujue ng'ombe wameingia shambani, au kuna nyumba inaungua, au kuna mtu amefariki. Siku za mwanzo watu walitoka nje na mashuka mabegani. Hawakumuuliza kuna nini. Waliuliza, "Mama Adrian, ni nani?"

"Mazoezi tu!" alijibu, suruali ya trakisuti chini, kanga kiunoni, pumzi imemwishia.

Wiki ya tatu akaharibu kabisa. Mama Theophil, mjane mzee ambaye Theophil ndiye mtoto pekee aliyembakia, alikuwa anafagia mbele ya geti lake. Theophil alikuwa amelazwa Arusha mwezi wa pili sasa. Mzee akainua macho, akamwona Devotha anakuja mbio, amemlenga yeye. Aliketi chini pale pale kwenye vumbi. "Theophil wangu!" Milango ikafunguka. Devotha alipopata pumzi ya kusema ni mazoezi, wanawake watatu walikuwa wameshaanza kulia na baba mmoja alikuwa anatoa mabenchi. Ilibidi apigiwe Theophil mwenyewe, aliyekuwa anakunywa uji, aseme kwa simu kwamba hajafa.

Aibu ile ilimfungia Devotha ndani siku nne. Siku ya tano alichukua kilo mbili za sukari akaenda kuomba radhi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe kimbia tu, mwanangu," Mama Theophil alisema. "Ila ukifika hapa kwangu, sema salama. Mimi niendelee kufagia."

Ndivyo ilivyokuwa. Kila asubuhi, "Salama, mama!" na mzee anaitikia, "Salama, mwanangu, kimbia!" Kilomita tano zikawa kumi na mbili, hadi Mutuka na kurudi, zikawa ishirini na nane. Mama Theophil akaanza kumsubiri getini. Siku aliyopumzika Devotha, mzee alimuuliza kanisani, "Mbona leo hukuniletea salama yangu?" Devotha alifurahi, tena alijiona mtu muhimu mtaani. Mara moja moja moyo ulimsuta: salama gani hiyo, wakati yeye hajui hata Theophil ameamkaje? Akalisukuma wazo hilo kando, akaongeza mwendo.

Zilibaki wiki tatu kwenda Moshi. Saa kumi na mbili kasoro asubuhi, anafunga kamba za viatu, simu ikaita. Ni Ritha, mke wa Theophil, kutoka Arusha. Theophil amefariki alfajiri ile.

"Dada, nenda kwa mama kabla watu hawajaanza kumpigia," Ritha alisema huku analia. "Mwambie wewe. Wewe anakuamini."

Devotha alitoka kama alivyo, na alikimbia, maana aliogopa simu itamtangulia. Njia nzima alikuwa anapanga maneno. Akakata kona, akamwona mzee amesimama getini, uso umeshachangamka.

"Salama, mama!"

Neno lilitoka lenyewe.

"Salama, mwanangu, kimbia!"

Devotha akapita. Akakimbia hadi mashine ya kusaga, akashika magoti, akalia kwa aibu kabla hata ya kumlilia Theophil. Barabara ya Mutuka ilikuwa wazi mbele yake. Angeweza kuendelea, na mtu mwingine angekwenda kusema. Alitamani hivyo, tusifiche. Kisha akageuka, akarudi kwa kutembea.

"Umeumia mguu?" Mama Theophil aliuliza. Devotha alimshika mikono yote miwili. Mzee akamtazama usoni, akaelewa. Safari hii hakupiga kelele.

Siku ya kumi baada ya mazishi Devotha alivaa viatu tena. Hofu ya kupooza haikuzikwa pamoja na Theophil, na Moshi ilikuwa inakaribia. Mama Theophil alikuwa getini. Devotha akasimama, akapiga magoti.

"Mama, nisamehe. Nitakuwa napita njia nyingine."

"Inuka," mzee alisema. "Pita hapa hapa. Una watoto, kimbia, usije ukalala kitandani kama mama yako." Alimpangusa vumbi kwenye goti, polepole, kama mtu anayemwandaa mtoto kwenda shule. "Ila mdomo ule wa salama, mwanangu, usiufungue tena hapa kwangu."