Walinifungisha kavu katikati ya kemo, figo zikagoma

Kamwene wakuu.

Mimi ni mama wa Madibira, mkulima wa mpunga. Shule niliishia la saba, kwa hiyo uandishi mtanivumilia. Ila haya yamenipata mimi mwenyewe, sijasimuliwa na mtu.

Naelekea sitini. Nilikutwa na saratani ya titi, likakatwa, nikaanzishiwa kemo Mbeya mjini.

Daktari alinikalisha chini kabla ya yote. "Mama, hizi dawa ni kali, na kwa umri wako figo sio za binti. Maji kunywa sana. Na dawa ya dukani usimeze bila kuniuliza."

Dozi za mwanzo nilitapika, nywele zikaisha, lakini nikawa naenda.

Sasa anaingia mhusika wa kwanza. Wifi yangu, Mama Tulizo. Namtaja na ajue nimemtaja.

Yeye ndiye kiongozi wa kikundi chetu cha maombi. Dozi nyingine imekaribia, akaja na wenzake sebuleni kwangu. Akatangaza, "Tunafunga kavu siku tatu kwa ajili yako, na wewe ukiwemo." Kavu maana yake hamna chakula, hamna hata tone la maji.

Nikamwambia, "Wifi, daktari kasema ninywe maji."

"Kwani wifi, anayekuponya ni daktari au Mungu?"

"Wote wawili."

"Ndio maana huponi. Imani yako umeigawa."

Mbele ya wanawake wote hao! Na ndio hao hao waliokuwa wananipalilia mpunga na kunipikia uji tangu niugue. Ungekuwa wewe ungewakatalia?

Nikafunga.

Siku ya pili mifupa ikaniuma, siwezi kukaa wala kulala. Nikajikongoja hadi duka la dawa. Hapo yuko mhusika wa pili, Elia. Ananijua naumwa nini, upara wangu anauona. Akanipa diklofenaki, vidonge vya maumivu, kama anauza pipi. Hakuuliza chochote.

Nilizimeza kwa mate, nisivunje mfungo. Hebu fikirieni wakuu.

Siku ya dozi nafika Mbeya uso umevimba, miguu imejaa, mkojo ni matone tu, rangi kama chai ya rangi. Wakapima damu. Daktari akasoma majibu, akasema, "Leo hatukupi dawa. Figo zimegoma."

"Na saratani je?"

"Itasubiri. Nikikupa leo, nakuua mimi."

Nilipomwambia yote, akanieleza kwamba kufunga bila maji peke yake ni hatari kwa mtu wa kemo, na zile dawa za maumivu juu yake ndio zikamalizia. Figo zisipoamka, nitaunganishwa kwenye mashine ya kusafisha damu. Niliogopa kuliko siku niliyoambiwa nina saratani.

Nikalazwa, dripu juu ya dripu. Mkojo wangu wote unapimwa kwenye jagi. Asubuhi moja nikamwita nesi, jagi linakaribia kujaa. Dada yule akapiga kigelegele. "Bibi kakojoa!" Wodi nzima ikashangilia. Mtu mzima na akili zangu napigiwa makofi kwa mkojo, nikacheka huku nalia.

Mashine sikuigusa. Daktari akabadilisha dawa, kila dozi akawa anatanguliza dripu. Nimemaliza zote. Majibu ya mwisho yanasema figo zinafanya kazi. Asante Mungu.

Sasa sikieni kituko. Narudi kanisani, Mama Tulizo kasimama anatoa ushuhuda kwamba mfungo wao ndio umeniponya!

Nikasimama na mimi. "Aliyeniponya ni Mungu, na alitumia dripu. Nyie nusura mnizike, halafu mnashuhudia?"

Mchungaji akaomba pambio.

Wifi hanisalimii mpaka leo, na usingizi napata vizuri tu.

Nilichojifunza: anayekupenda anaweza kukuua huku amekushika mkono. Kama mama yako yuko kwenye kemo, wanaotaka kumfungia wafunge wao, yeye anywe maji. Akiumwa mifupa, aulizwe daktari wake, sio Elia.

Haya, aliyepitia kama mimi aseme hapa, tusaidiane. Na mnaomtetea Mama Tulizo karibuni pia, ila mje mmeshakunywa maji.