Mguu wa Kiti Unaomtisha Najma

Saa moja asubuhi, Jumapili, mtaa wa maseremala wa Keko bado haujachangamka. Najma Shomari amechuchumaa mbele ya karakana ya baba yake, anakwangua mguu wa kiti kwa msasa. Vanishi nyekundu inatoka. Chini yake mbao ni nyeupe pee, paini tupu.

Anaupiga picha kwa simu upande wenye vanishi, kama alivyofanya jana. Programu aliyoitengeneza mwenyewe inajibu: mninga. Anaokota kipande cha mninga halisi, kisichopakwa kitu. Inajibu: paini.

"Nimekwisha," anasema.

Najma ana miaka 26 na shahada ya takwimu. Kwa miaka miwili alituma maombi 63 ya kazi ya uchambuzi wa data, akaitwa kwenye usaili mara nne. Kote swali lilikuwa hilo hilo: una uzoefu gani? Jamani, mtu aliyemaliza chuo juzi uzoefu ataupata wapi?

"Nikaona nijitengenezee," anasema. "Baba seremala, mbao nimekua nazo. Nikasema nitaifundisha kompyuta kutambua mbao kwa picha."

Alipiga picha 1,200 za vitanda, makabati na viti vilivyopangwa barabarani. Kwa kila picha alihitaji mtu wa kumtajia aina ya mbao. Mafundi walikuwa na randa mkononi, hawana muda wa maswali. Wapaka vanishi ndio walikuwa na nafasi, maana wakishapaka hukaa kusubiri ikauke. Akawauliza wao.

Sasa mpakaji wa vanishi huletewa kiti kimeshamalizika, akaambiwa rangi tu. Mteja asiyemudu mninga huagiza paini ipakwe ifanane nayo, na anajua anachonunua. Mpakaji hana habari na kilichomo ndani. Alichokiona kwa nje ndicho alichomtajia Najma, na Najma akakiandika. Programu ikajifunza vanishi, si mbao.

"Mtoto wa seremala mie! Aibu gani hii?"

Hakuna aliyeshtuka. Alipoijaribu kwa picha zile zile za barabarani, programu ilipatia 94 kati ya 100. Kazi hiyo ndiyo iliyompa ajira yake ya kwanza kwenye kampuni ndogo huko Sinza, kwa majaribio ya miezi mitatu na mshahara wa shilingi 600,000. Mkurugenzi wake, Tahera Karmali, aliipenda hadi akaitafutia mteja, ghala moja la mbao Bunju. Kesho saa nne wanakwenda kuionyesha. Mbao za ghalani haziji na vanishi.

"Wenzake Dada Tahera walitaka mtu mzoefu," anasema Najma. "Yeye akasema huyu binti nampa nafasi. Nitamtazamaje usoni?"

Majaribio yake yanaisha Ijumaa. Na niseme ukweli, mie ningetafuta homa ya siku tano. Nikamwuliza kama hilo hajaliwaza.

"Nimeliwaza tangu jana," anajibu. "Lakini pale ghalani kuna mzee anayepokea mbao. Mashine ikisema paini na yeye akasema mninga, nani ataaminiwa? Atafukuzwa kwa kosa langu."

Baba yake, Mzee Shomari Mbwana, anatoka ndani na kikombe cha chai. Anasikiliza, anaangua kicheko, kisha anauona uso wa binti yake na kuchuchumaa kando yake.

"Ungeniuliza mie, mwanangu."

"Nilikuuliza, baba. Ukasema nikuache ufanye kazi."

Mzee anaweka kikombe chini, anachukua msumeno na kuukata ule mguu, kipande chenye nusu vanishi na nusu nyeupe. Kiti cha mteja hicho, atalazimika kuchonga mguu mwingine. Anakifunga kipande kwenye gazeti pamoja na ule mninga.

"Peleka hivi. Bosi wako aone kwa macho yake."

Najma anakipakata kifurushi. Anasema saa mbili kesho atakuwa mlangoni kwa Dada Tahera, kabla gari la Bunju halijawashwa.

"Naogopa," anasema. "Nitakiweka mezani kabla sijakaa, maana nikikaa nitanyamaza."

Na akikufukuza? namwuliza.

Anatazama vitanda vinavyotolewa nje kimoja kimoja, vyote vyekundu, vinang'aa.

"Basi Jumanne naanza na picha ya kwanza. Safari hii nabeba na msasa."