Barua za Binti Yangu Zilizobaki Kwenye Seva

Ule mwaka tulikula bukari, yaani ugali, ya pumba, na mboga ilikuwa matembele bila mafuta. Ndio mwaka wakubwa wa mgodi walipotuambia sisi wa mtaa wa Kasulo tuhame, kwa sababu madini yako chini ya vitanda vyetu. Wanaume walikuwa wamechimba mpaka chini ya jiko langu; ukitwanga, sakafu inaitika.

Mi sikulilia nyumba. Nilikimbilia saiba, kibanda cha intaneti cha karani wa zamani wa mgodi, maana barua za binti yangu zilikuwa kwake. Binti yangu aliolewa na mtu wa asili ya Kasai. Watu wa Kasai walipofukuzwa mkoani kwetu, alipanda behewa pamoja na mume wake, mimba mbele, na sikumwona tena. Miaka ikapita, akaanza kuniandikia kwa imeli. Halafu siku moja akaandika mume wake: binti amefariki. Tangu hapo, kila Jumamosi karani alinisomea barua zilezile, nami kwanza naipangusa vumbi ile mashine yake, kompyuta, kwa ncha ya kitenge.

"Tata," nikamwambia karani, "uniuzie hii mashine. Nahama na mutoto wangu."

Akacheka. "Mama, miaka yote unaogesha mutoto wa mwenzako! Barua haziko humu. Ziko kwa seva, mbali sana."

Nikaiondoa mikono juu ya mashine.

"Kuko njia mbili," akasema. "Nazishusha zote humu, unabeba mashine, unasomewa hata bila rezo, bila mtandao. Lakini programu yangu ni ya zamani: ikishusha huku, kule inafuta. Ao tunaziacha kule. Mashine yoyote itakuonyesha, lakini bila rezo hauone kitu."

"Na kule tunapelekwa, rezo iko?"

"Mama, kule hata kuku hajafika."

Nilifikiri ile nyumba yangu, ufa toka mlango mpaka dirisha. Kitu gani niliwahi kuweka ndani yake kikakaa? Na neno lile, kufuta, masikioni mwangu lilikuwa kufukuza.

"Mi nakatala," nikamwambia. "Mutoto wangu habatamufukuza mara mbili."

Sasa niko huku, na rezo haiko. Neno la kufungulia barua nimelidarizi kwenye pindo la kitenge, herufi kwa herufi. Kuandika kunanishinda, kushona najua. Nalishika kwa vidole. Halisemi kitu.

Juzi karani alipita kunisalimia. "Mama, utakufa bila kumusikia tena. Nizishushe kwa saiba, nikuletee mashine?"

"Mi nakatala. Mutoto wangu habatamufukuza mara mbili."